Je, Wajua? Muuaji Mwenye Jina

Je, wajua kwamba muuaji anayesimuliwa kuliko wote katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika hajawahi kushika panga wala bunduki? Anaitwa Gustave, na ni mamba. Jina alipewa mwishoni mwa miaka ya 1990 na Patrice Faye, Mfaransa aliyekuwa akiishi Burundi, ambaye alimfuatilia kwa miaka mingi kati ya delta ya mto Rusizi na fukwe za ziwa. Kabla ya hapo mamba walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na dhambi zake. Alipopatikana mwenye jina, dhambi za wenzake nazo akabebeshwa yeye.

Wajua anatambulikaje? Kwa makovu. Ana alama tatu za risasi mwilini na jeraha kubwa la zamani kwenye bega la kulia, ambalo kila msimulizi ana maelezo yake kuhusu lilikotoka. Hakuna aliyewahi kumwekea futi kamba. Waliomtazama kwa jicho la kitaalamu walikadiria urefu wa zaidi ya mita 6 na uzito wa karibu kilo 900. Umri wake nao ulikisiwa kuwa miaka 100, hadi watafiti walipoona kwamba kinywa chake bado kina meno yote. Mamba wa miaka 100 angekuwa kibogoyo. Wakashusha makadirio mpaka 60 au pungufu. Kumbe jitu lenyewe lilikuwa la makamo.

Na wale watu 300 anaodaiwa kuwaua? Hesabu hiyo inatajwa kila mahali, lakini hakuna daftari nyuma yake. Aliyezama kwa dhoruba usiku, aliyetoswa na wenzake, aliyevuka mpaka kimyakimya asirudi, wote wanaweza kuingizwa humo. Na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowaka Burundi mwaka 1993, Rusizi ulibeba maiti ambazo si mamba aliyeziua.

Wajua kwamba kutia chumvi namna hii si ugonjwa wa Tanganyika peke yake? Mwaka 1898 simba wawili walisimamisha ujenzi wa daraja la reli kule Tsavo, Kenya. Luteni Kanali John Patterson, aliyewapiga risasi, baadaye alisema walikula watu 135. Ngozi zao aliziuza kwa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago kwa dola 5,000, na hapo ndipo simba hao walipo mpaka leo, wamejazwa na kusimamishwa nyuma ya kioo. Mwaka 2009 wanasayansi wakapima kemia ya nywele na mifupa yao ili kujua walikula nini hasa katika miezi yao ya mwisho. Jibu lilikuwa watu wapatao 35. Mia moja waliobaki waliuawa na simulizi.

Uganda nayo ilikuwa na wake. Mwaka 2005, kijiji cha Luganga kwenye Ziwa Victoria kilimnasa mamba aliyedaiwa kula watu zaidi ya 80. Wanakijiji walikuwa wamempa jina tayari. Walimwita Osama. Jambo hili la kumpa muuaji jina tutalirudia.

Je, wajua kwamba Gustave aliwahi kuuzwa kwa watazamaji wa Marekani kama binadamu? Januari 2007 ilitoka filamu ya Hollywood iitwayo Primeval. Matangazo yake yalizungumzia muuaji sugu wa kutisha kuliko wote, na mkia wala magamba havikuonyeshwa. Watu wakakata tiketi wakidhani wanakwenda kumwona mtu mwenye kisu. Walipoketi kwenye viti wakaona mamba, na wengi walitoka wakilalamika kuwa wametapeliwa. Nami nawaelewa, ingawa malalamiko yenyewe yanachekesha: walikuwa tayari kulipa ili waone mtu akiua watu, ila mnyama akiua watu wakaona wamepunjwa. Filamu hiyo ya Burundi ilipigwa Afrika Kusini.

Filamu ya kweli ilikuwa imetangulia miaka mitatu. Mwaka 2004 ilionyeshwa filamu ya hali halisi juu ya jaribio la Faye na wenzake la kumkamata Gustave akiwa hai. Walitengeneza kizimba cha chuma kikubwa kuliko vyumba vingi vya kupanga mjini Uvira, upande wa Kongo wa ziwa, wakaweka chambo, wakategesha kamera ya kuona gizani. Wakabadilisha chambo, naye hakuingia. Muda ulipokaribia kuwaishia wakamfunga mbuzi hai humo ndani. Usiku huo dhoruba ikapiga, kamera ikazimika. Asubuhi kizimba kilikutwa nusu kimezama na mbuzi hayupo. Ni nani aliyemchukua, ni Gustave au ni maji? Mpaka leo unaweza kuianzisha hoja hiyo kwenye mwalo wowote ukaiacha ikiendelea yenyewe.

Na inaendelea kwa sababu haina jibu. Mwaka 1928 mtafiti Maria Ovsiankina, huko Berlin, aliwapa watu vikazi vidogovidogo kisha akawakatiza katikati. Alipowaacha huru, wengi walikirudia kile kilichokatizwa bila kuambiwa na bila kuahidiwa chochote. Jambo lisilokwisha huwasha kama upupu. Kesi iliyohukumiwa husahaulika upesi kuliko ile ambayo mbuzi wake hakuonekana.

Mfano mkubwa wa upupu huo ni ndege iliyoanguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, ikiwa na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, aliyekuwa njiani kuzungumza na Moïse Tshombe juu ya Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo. Zaidi ya miaka 50 baadaye Umoja wa Mataifa ukalifungua faili upya, na aliyekabidhiwa kazi hiyo mwaka 2015 alikuwa Mtanzania, Jaji Mohamed Chande Othman. Je, ilikuwa ajali au ilidunguliwa? Wajukuu wa mashahidi bado wanabishana.

Je, wajua kwamba kuchungulia hatari si tabia ya binadamu tu? Kwenye nyanda za Serengeti, swala tomi wakimwona duma hawakimbii wote mara moja. Wengine husogea karibu, shingo zimenyooka, wakimfuata kwa macho na kwa miguu. Mtafiti Clare FitzGibbon alilichunguza jambo hilo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1994. Swala hujifunza adui yuko wapi na anafanya nini, na duma anayejua kwamba ameonekana hana tena faida ya kuvizia. Kwa hiyo kundi la watu linalojaa ufukweni pindi likisikika neno "mamba" lina damu ya kiswala. Nakiri kwamba nami ningekuwemo.

Lakini kuna aibu ndani yake, na aibu hiyo ni ya zamani. Katika kitabu chake kuhusu dola, Plato anasimulia habari za Leontius, aliyepita kando ya ukuta wa Athens akaona maiti za watu waliouawa kwa hukumu. Akataka kutazama, akajizuia, akafunika uso, mwisho akashindwa, akayakodoa macho yake huku akiyalaani. Hiyo ni zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kabla ya televisheni na kabla ya simu zenye kamera.

Wajua hofu ikizidi haiuziki? Watafiti wa Denmark waliwavisha watu 110 vifaa vya kupima mapigo ya moyo wakawaingiza kwenye jumba la kutishia watu kwa makusudi. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Waliofurahia zaidi hawakuwa wale walioogopa kidogo wala wale walioogopa mno. Walikuwa wale wa katikati. Hofu, kama pilipili ya sombe, ina kipimo chake. Mwenye duka la vitambaa mjini anaweza kumfurahia Gustave jioni akiwa na chupa ya Primus mkononi, lakini mvuvi anayelala juu ya maji hapendi jina hilo litajwe baada ya jua kuzama.

Je, wajua kwamba wanaopenda visa vya mauaji zaidi ni wanawake? Mwaka 2010 watafiti Amanda Vicary na Chris Fraley walichambua maoni ya wasomaji wa vitabu nchini Marekani. Vitabu vya mauaji ya kweli vilikuwa vimeandikiwa maoni na wanawake kwa asilimia 70. Vya vita, wanaume walikuwa asilimia 82. Mwaka 2023 kituo cha utafiti cha Pew, cha Marekani, kikauliza kuhusu podikasti, kikakuta asilimia 44 ya wasikilizaji wa kike wanafuatilia visa vya uhalifu mara kwa mara, na wanaume asilimia 23 tu. Kwa nini? Vicary na Fraley waliongeza jaribio. Waliwapa watu vitabu viwili vya kuchagua, kimoja kikiwa na maelezo ya jinsi mhanga alivyomponyoka muuaji. Wanawake walikivamia hicho. Walikuwa wakitafuta njia ya kutokea.

Ukitaka kulielewa hilo bila kwenda maabara, nenda ufukweni Kalundu, hapo Uvira, alfajiri. Mama anashuka na bidoni la njano la lita 20. Haingii majini moja kwa moja. Anasimama, anatazama uso wa maji kushoto na kulia, hasa pale penye matete, maana mamba akilala huonekana macho na pua tu. Anamgeukia kijana anayetenganisha nyavu.

"Mwanangu, huku kumeamkaje?"

"Salama, mama. Ila kule kwenye matete usiende."

"Kumetokea nini?"

Na hapo ndipo bidoni huwekwa chini na habari ikaanza. Ataisikiliza yote: saa ngapi, mtu alisimama wapi, maji yalimfika wapi, alikuwa ameinama au amesimama, nani alipiga kelele kwanza. Mpita njia atasema akina mama wanapenda umbea. Mama huyo anakusanya kanuni za usalama. Atachota pale penye watu wengi, kwa haraka, bila kuupa uso wa maji mgongo, na jioni atawapa binti zake kanuni hizo hizo zikiwa zimefungwa ndani ya hadithi, kwa sababu kanuni tupu mtoto huisahau kabla ya kufika mlangoni.

Paukwa pakawa zetu zilifanya kazi hiyo hiyo. Zimwi lilikaa msituni, au kisimani, au njia panda. Lilikaa mahali ambapo mtoto hakutakiwa kwenda peke yake.

Je, wajua uvumi una fomula? Mwaka 1947 Gordon Allport na Leo Postman, wa Marekani, waliandika kwamba nguvu ya uvumi ni uzito wa jambo mara utata wake. Mara, si kujumlisha: kimoja kikiwa sifuri, uvumi unakufa. Bei ya ndagala ina uzito lakini haina utata, unaiuliza tu. Rangi ya kofia ya gavana ina utata lakini haina uzito. Mamba aliye chini ya maji meusi, kwenye mpaka, wakati wa vita, ana vyote viwili tele.

Tuseme mtoto ameparuzwa mguu saa kumi na mbili asubuhi huko Kalundu. Habari inapanda pikipiki. Ikifika Mulongwe, mguu umekatika. Kwenye kivuko cha mpaka cha Kavimvira, mtoto amechukuliwa mzima. Ikivuka Gatumba na kuingia soko la Bujumbura, watoto wamekuwa wawili na mamba amepata jina. Wakongomani wana neno la chombo hicho cha habari: radio trottoir, redio ya kando ya barabara. Mwaka 1989 mwanahistoria Stephen Ellis aliiandikia makala nzito katika jarida la kitaaluma, akionyesha kwamba si porojo tu. Pale ambapo redio rasmi haisemi, hiyo ndiyo inayosema, na ina desturi zake za kupima nani asadikiwe. Anayeongeza chumvi mara tatu huambiwa usoni.

Na mumiani, wajua? Enzi za ukoloni, kuanzia Nairobi hadi Kampala hadi pwani ya Tanganyika, watu walisimuliana kuhusu wazimamoto wanaokamata watu usiku na kuwanyonya damu. Katanga waliitwa batumbula. Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi hizo katika kitabu kilichotoka mwaka 2000, na badala ya kuuliza kama ni kweli, aliuliza zinasema nini. Alichosikia ndani yake ni kazi za shuruti, sindano, magari yasiyo na madirisha, na wenye mamlaka wasioeleza wanachofanya. Watu walijua kwamba kuna kinachonyonywa kwao, wakakipa mwili na sare.

Kongo Mashariki ilikuwa na kesi zake za kweli pia. Wajua sanamu ya mtu wa chui iliyosimama miaka mingi katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji? Ilichongwa na Paul Wissaert mwaka 1913. Mtu amevaa vazi lenye madoa, makucha ya chuma mkononi, anamwinamia aliyelala. Ni picha ya anioto wa upande wa Ituri, watu walioua wakiacha alama zifananazo na za chui. Hergé akaiingiza katika kitabu chake cha katuni cha Tintin nchini Kongo, na mamilioni ya watoto wa Ulaya wakalala na taa inawaka. Mtafiti Vicky Van Bockhaven ameonyesha kwamba mauaji yale yalikuwa na sababu zake, kama ugomvi wa madaraka, watemi waliowekwa na wakoloni na watemi walioondolewa. Siasa, kwa ufupi. Lakini siasa haijazi ukumbi wa makumbusho kama makucha. Jumba lilipofunguliwa upya Desemba 2018, sanamu hiyo iliondolewa kwenye kumbi kuu.

Kiswahili hakikuachwa nyuma. Mwaka 1960 kilitoka Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, na Bwana Msa wake mwenye kiko akawa mpelelezi wa kwanza maarufu wa lugha yetu. Miaka mitano baadaye Faraji Katalambulla akatupa Simu ya Kifo. Kisha Elvis Musiba akamtuma Willy Gamba hadi Kinshasa katika Kikosi cha Kisasi. Katika vitabu hivyo mlango wa mwisho hufungwa na mhalifu hutajwa. Ziwani haiwi hivyo.

Je, wajua kwamba fumbo kubwa la kwanza la Rusizi halikuwa la mamba? Lilikuwa la mto wenyewe. Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi wakitaka kujua kama Rusizi unatoka ziwani kwenda kaskazini, maana ukitoka, huenda ndio Nile. Wenyeji wakawaambia wazi kwamba maji yanaingia. Wapiga kasia wakakataa kuendelea mbele, wageni wakarudi, na Ulaya ikaendelea kubishana kwa miaka 13, hadi Livingstone na Stanley walipopiga kasia mpaka mdomoni mwa mto Novemba 1871 na kuona maji yanaingia. Jibu lilikuwa limekaa Uvira muda wote huo. Mwaka 1994 mwanauchumi George Loewenstein aliandika kwamba udadisi ni pengo kati ya tunachokijua na tunachotaka kukijua, na kwamba pengo hilo linauma. Angeweza kuongeza kwamba kuna watu hawakubali kupona mpaka dawa waipike wenyewe.

Loewenstein huyo huyo, pamoja na Deborah Small, walifanya jambo jingine mwaka 2005 ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike safu hii. Waliwapa watu mchezo wa fedha ambamo mtu anaweza kumwadhibu mwenzake aliyekuwa bahili. Kundi moja lilimwadhibu mkosaji yeyote tu, ambaye bado hajachaguliwa. Kundi jingine lilimwadhibu mkosaji aliyekwisha kuchaguliwa kwa namba. Hawakumjua jina wala sura. Walijua tu kwamba ni huyu. Hasira za kundi la pili zilikuwa kali zaidi, na adhabu yao nzito zaidi. Namba peke yake ilitosha kuwasha moto. Sasa fikiria jina. Fikiria jina pamoja na makovu matatu.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huwa tunalielewa upande mmoja, kwamba zimwi linatujua. Upande wa pili ni kwamba na sisi tunalijua zimwi, na kulijua ni nusu ya usingizi. Mamba wasiohesabika, kwenye mto wenye urefu wa kilomita 117 unaoshuka kutoka Ziwa Kivu, ni hofu isiyo na mipaka. Gustave ni mmoja. Akiwa Rumonge, upande wa Burundi, leo, basi Uvira hayupo.

Kiboko, kinyume na Gustave, hana jina. Hula majani. Usiku hupanda kutoka ziwani akaingia hadi kwenye bustani na vichochoro vya Uvira, na akikasirika anaua. Hakuna aliyemtengenezea filamu. Hana sura ya mkosaji. Ana sura ya jirani mnene aliyepotea njia.

Nilisema filamu ile ya kizimba ilionyeshwa mwaka 2004. Mwaka huo huo, usiku wa tarehe 13 Agosti, kambi ya wakimbizi ya Gatumba ilivamiwa. Gatumba iko kati ya mpaka wa Kongo na Bujumbura, jirani kabisa na delta ya Rusizi. Wengi wa waliokuwa kambini ni Banyamulenge waliokimbia kutoka Kivu Kusini. Umoja wa Mataifa ulihesabu waliouawa 152 na waliojeruhiwa 106. Kundi la waasi wa Burundi la FNL lilitangaza kwamba ni wao. Hapa kulikuwa na daftari, majina na makaburi. Kusini kidogo ya Uvira, Makobola, mwisho wa mwaka 1998 na siku za kwanza za 1999, ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2010 inataja waliouawa zaidi ya 800. Ripoti hiyo ina matukio mazito 617 ya nchi nzima kati ya 1993 na 2003. Hata hivyo, ukitaja Burundi na ziwa hili ugenini, mtu atakuuliza habari za mamba.

Sitaki kumlaumu anayeuliza. Kuna jaribio lililochapishwa mwaka 2007 na Small, Loewenstein na Paul Slovic. Watu walipewa dola 5 na kuombwa mchango kwa ajili ya njaa Afrika. Walioonyeshwa msichana mmoja wa Mali, Rokia, mwenye miaka 7, walitoa wastani wa dola 2.38. Walioonyeshwa takwimu za mamilioni walitoa 1.14. Walioonyeshwa Rokia pamoja na takwimu walitoa 1.43. Takwimu zilimpunguzia hata yeye. Moyo wa mtu una mlango wa mmoja mmoja, kwa mhanga na kwa muuaji vilevile.

Na kichwa nacho kina kasoro yake. Watafiti wa Marekani waliwauliza watu, katika miaka ya 1970, kipi kinaua zaidi kati ya ajali na kiharusi. Asilimia 80 walisema ajali. Wakati ule kiharusi kilikuwa kikiua karibu mara mbili ya ajali zote zikijumlishwa. Ajali hutangazwa, kiharusi humlaza mtu chumbani na ndugu wakaitwa kwa sauti ya chini.

Basi, la mwisho. Wajua ni nini kinachowarudisha kina mama wa Uvira ziwani na mabidoni, hata wale wenye bomba uani? Bomba kukauka. Umeme ukikatika, pampu hunyamaza. Watafiti walichukua rekodi za maji ya bomba mjini Uvira za mwaka 2009 hadi 2014, siku kwa siku, wakazilinganisha na wagonjwa waliopokelewa katika kituo cha kutibu kipindupindu. Walichapisha matokeo mwaka 2015. Siku moja isiyo na maji ya bomba ilifuatwa, ndani ya siku 12, na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa waliolazwa, ikilinganishwa na siku ambayo maji yametoka ipasavyo. Karibu robo ya wagonjwa wote walihesabiwa kutokana na upungufu wa maji. Mdudu mwenyewe haonekani kwa macho, hana kovu, na anaingia nyumbani ndani ya bidoni lile lile lililojazwa kwa tahadhari kubwa mbali na matete.

Jioni, maji yakirudi, foleni ya bomba la mtaani huwa ndefu. Mabidoni yamepangwa kwa mstari, na wenyewe wameyaacha wakae kivulini. Watoto waliotumwa kulinda nafasi wamekaa juu ya mabidoni matupu, miguu inaning'inia. Mmoja ananyoosha mikono kuonyesha urefu. Haitoshi. Anashuka, anatembea hatua kutoka bidoni la kwanza hadi la saba, anageuka kuwatazama wenzake.

"Hapa ni kichwa tu," anasema.